UZI: Kimbunga Beryl kimeshapita Houston, Texas. Msaada wa kurudisha nyumba na maisha unapatikanaje?

Mzee wa Bissonnet – 14 Julai 2024

Wakuu, poleni na joto. Najua wengi mnasoma kwa simu mnazochajia kwenye gari, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja.

Tangu Beryl apige Jumatatu ya tarehe 8, simu yangu haipumziki. Wakongo, Warundi, Watanzania wenzangu, wote wanauliza: "FEMA wanatoa hela?" Jamani, FEMA, yaani idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia majanga, hawagawi hela kama mchele wa msiba. Wanalipia hasara ambayo hakuna mwingine aliyeilipa, kwa mtu aliyejiandikisha na kuthibitisha mambo matatu: yeye ni nani, alikuwa akiishi wapi kimbunga kilipopita, na nini kimeharibika. Kimoja kikikosekana unaandikiwa barua kwamba hustahili. Watu wetu wakishaiona barua hiyo wanaikunja na kuitupa kwenye droo, basi. Nimetafsiri barua hizi tangu enzi za kimbunga Harvey, 2017, na nasema wazi: nyingi zilikuwa zinadai karatasi tu.

Rais alisaini tangazo la janga tarehe 9 Julai, lakini mlango wa msaada kwa mtu mmoja mmoja ulifunguliwa tarehe 12. Harris imo, Fort Bend imo, Brazoria, Galveston, Montgomery na kaunti nyingine kadhaa. Una siku 60 za kujiandikisha kuanzia hapo. Wakati mwingine huongezwa, lakini usijenge nyumba juu ya nyongeza ambayo haijatangazwa.

Kama ulijiandikisha Mei baada ya ule upepo uliong'oa vioo vya maghorofa mjini, hiyo ni namba nyingine na janga lingine. Kwa Beryl unaanza upya. Hili limewapita wengi.

Unajiandikisha kwenye DisasterAssistance.gov, kwa programu ya FEMA ya simu, au kwa kupiga 1-800-621-3362. Ukipiga, sema "Swahili" halafu tulia, watakutafutia mkalimani. Tafadhali msimkalishe mtoto wa darasa la tano kutafsiri mambo ya bima na kodi ya nyumba. Uwe na namba yako ya Social Security (ya hifadhi ya jamii), anwani ya nyumba iliyoharibika pamoja na namba ya apatimenti (msiiache hiyo namba!), anwani ya unapolala sasa, kipato cha kaya, na namba za akaunti ya benki. Kaya moja, ombi moja.

Ulizeni, nitajibu umeme ukiruhusu.

---

Sharifu wa Tanga – 14 Julai

Nimeweka kambi hapa. Kule nyumbani kimbunga Hidaya mwezi Mei kilipiga Mafia, barabara ya Kusini ikakatika Somanga, na hakuna aliyeulizwa namba ya apatimenti 😂

---

Wanjiku_Katy – 14 Julai

Asante sana mzee. Sisi tuko na nyumba yetu na bima tunalipa kila mwezi. Mti umeangukia paa, maji yakaingia hadi sebuleni. FEMA inatuhusu kweli ama hiyo ni ya wale hawana bima?

---

Mzee wa Bissonnet – 14 Julai

Wanjiku, anza na bima, leo. Fungua dai, piga picha kabla hujagusa kitu, kisha weka turubai juu ya paa na utunze risiti yake. Bima inategemea wewe uzuie hasara isizidi, kwa hiyo usiache mvua inyeshe tena ndani ukimngoja mkaguzi wao.

Halafu soma mkataba wenu sehemu ya upepo. Texas kile kiasi unachojilipia mwenyewe kwa hasara ya upepo mara nyingi ni asilimia ya thamani ya nyumba iliyokatiwa bima, wala si asilimia ya hasara. Nyumba ya dola 300,000 kwa asilimia 2 ni dola 6,000 kutoka mfukoni kabla bima haijatoa senti. Wengi huijua hesabu hii siku ya msiba.

Maji yaliyoingia kupitia tundu la mti ni habari ya upepo. Yaliyopanda kutoka barabarani ni mafuriko, na bima ya kawaida ya nyumba haigusi mafuriko, hiyo hununuliwa kando na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua.

Lakini jiandikishe FEMA hata hivyo, kabla muda haujaisha. Watakuandikia kwamba una bima na wanasubiri. Ukipata barua ya bima, iwe ya malipo au ya kukataa, wapelekee. Kilichobaki bila kulipwa ndicho watakachokiangalia.

---

Mwana_wa_Kivu – 15 Julai

Aksanti sana muzee. Mie niko refuji, nilitoka kambi ya Nyarugusu, nilifika huku mwaka ya 2022, grinikadi yangu bado haiyafika. Bibi yangu anasema tusijaribu, eti ile feza ni ya raia tu. Na baba mudogo yeye iko anangojea kesi yake ya asailamu. Tunafanya namna gani?

---

Mzee wa Bissonnet – 15 Julai

Ndugu yangu, mwambie mama hapo nyumbani kwamba mkimbizi aliyeletwa kwa mpango wa wakimbizi anastahili, hata kama grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, haijaja. Aliyeshinda kesi ya hifadhi naye anastahili. Mwenye grinikadi vilevile.

Baba mdogo ndiye mwenye kazi. Kesi ikiwa bado inasubiri, hapati hela ya FEMA kwa jina lake. Ni hivyo pia kwa mwenye viza ya mwanafunzi, viza ya kazi, au TPS, ile ruhusa ya muda kwa watu wa nchi zenye vita au majanga. Lakini kama ana mtoto mdogo aliyezaliwa Marekani, mwenye Social Security, na wanaishi nyumba moja, anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto. Mtoto ndiye anakuwa mwenye sifa. Hapo hali ya mzazi si sharti.

Na kuna msaada ambao haubagui karatasi za mtu yeyote: makazi ya dharura, chakula, maji, dawa za haraka, ushauri wa kisaikolojia. Ukifika kwenye makazi ya Red Cross huulizwi pasipoti.

---

Kitendawili – 15 Julai

Mzee, samahani, lakini unawapeleka watu kwenye mdomo wa mamba. FEMA iko chini ya wizara ileile ya uhamiaji. Ukijiandikisha, anwani yako wanayo. Mimi simshauri mtu asiye na karatasi aguse fomu ile.

---

Mzee wa Bissonnet – 15 Julai

Hofu yako ina msingi, na sitaifanyia mzaha. Kweli FEMA iko chini ya Homeland Security tangu 2003. Na fomu ina tamko unalosaini kwamba wewe ni raia au una hadhi inayokubalika. Ukisaini uongo pale, umejitengenezea kosa la jinai kwa ajili ya dola mia kadhaa. Hilo hakuna mtu alifanye, hata kidogo.

Lakini kumwomba mtoto raia haki yake si uongo. Pia msaada wa majanga hauhesabiwi dhidi yako katika ile sheria ya "mzigo kwa serikali" unapoomba grinikadi, na uvumi huu umewanyima wengi wenye haki kabisa.

Aliye katikati, asiyejua aangukie wapi, asinisikilize mimi wala wewe. Aende kwa mwanasheria kwanza. Catholic Charities ya Galveston-Houston wana wanasheria wa uhamiaji. Kwa mambo ya FEMA, bima na mwenye nyumba, Lone Star Legal Aid wanasaidia bure wenye kipato kidogo.

---

Kitendawili – 15 Julai

Hapo kwa mwanasheria kwanza tunakubaliana.

---

MamaPendo – 15 Julai

Shikamoo mzee. Mimi nimepanga, apatimenti. Dari la chumba cha watoto limedondoka lote, magodoro yameloa, kuna ukungu unaanza. Ofisi ya apatimenti wananiambia kodi ya Agosti ni ileile na mafundi wana foleni. Nikigoma kulipa mpaka watengeneze, si haki yangu?

---

Mzee wa Bissonnet – 15 Julai

Marahaba binti. Usigome! Nimeandika kwa alama ya mshangao makusudi. Texas ukiacha kulipa kodi unapewa notisi ya siku tatu halafu mahakamani, na ukishaandikwa umefukuzwa, kila apatimenti utakayoomba itaiona.

Sheria ya Texas ipo hivi. Kama nyumba yote haikaliki kabisa, wewe au wao mnaweza kuvunja mkataba kwa barua kabla ukarabati haujakamilika, na unarudishiwa kodi ya siku zilizobaki pamoja na dhamana yako, ukitoa yale wanayoruhusiwa kukata. Kama ni sehemu tu haikaliki, kama chumba cha watoto, una haki ya kupunguziwa kodi, lakini kiwango kinaamuliwa na mahakama, isipokuwa mmekubaliana wenyewe kwa maandishi. Huwezi kujikatia mwenyewe. Kwa hiyo andika barua ya kuomba matengenezo, itume kwa posta ya kusainiwa, baki na nakala. Mazungumzo ya mdomo na dada wa mapokezi hayana kumbukumbu.

FEMA kwako wewe mpangaji: dari si lako, hilo ni la mwenye jengo na bima yake. Magodoro, vitanda, nguo za watoto, hivyo ni vyako, viombee. Kama mmelazimika kuhama kuna hela ya kuwasaidia mkae kwingine kwa muda. Na kuna ile ya mahitaji makubwa ya haraka, dola 750 kwa mwaka huu wa 2024, ya maji, chakula, maziwa ya mtoto, petroli. Mwombaji anaeleza alikosa nini, wanakagua kama anastahili.

---

Dereva wa Usiku – 16 Julai

Mimi Uber. Wiki nzima sijapata kitu, gari limepigwa na tawi. Ajira yangu haina bosi, kwa hiyo hakuna wa kunilipa?

---

Mzee wa Bissonnet – 16 Julai

Kuna fao la kukosa kazi kwa sababu ya janga, linawafaa hasa watu kama wewe waliojiajiri, wasioingia kwenye fao la kawaida. Linaombwa kwa Texas Workforce Commission. Kwanza wanaangalia kama unaingia kwenye fao la kawaida. Ukikataliwa huko ndipo unaingia hili. Watataka ushahidi wa kipato: ritani ya kodi ya mwaka jana, ile karatasi ya 1099 inayoonyesha kipato cha aliyejiajiri. Na uwe na kibali cha kazi. Tangazo lake lina tarehe yake ya mwisho, iangalie. Gari: bima ya gari kwanza, kama una ile kamili. Kama huna, litaje kwa FEMA, lakini liwe na usajili halali.

---

Mama Ntilie HTX – 16 Julai

Friji mbili za nyama na samaki zimeoza, nimetupa nikilia. Hizo FEMA wanalipa?

---

Mzee wa Bissonnet – 16 Julai

Pole mama. Nyama kama nyama, kwa kawaida hapana. Ile 750 ndiyo inayoweza kukupoza. Kama unapata stempu za chakula, piga 2-1-1 uombe kurudishiwa chakula ulichonunua kwa kadi. Kawaida hutakiwa kuripoti ndani ya siku 10. Kama chakula kilikuwa cha biashara na imesajiliwa, hiyo ni safari ya SBA, idara ya serikali ya biashara ndogo.

Na SBA mkumbuke ni mkopo. Una riba, unarudishwa. Zamani ulilazimika kuuomba kwanza ndipo ufikiriwe kwa vitu vya ndani. Tangu Machi mwaka huu hawalazimishi tena. Asikuambie mtu kwamba usipochukua mkopo unakosa ruzuku.

---

Sharifu wa Tanga – 16 Julai

Wakuu, nje kidogo ya mada. Jirani zangu wamepelekwa hospitali kwa moshi wa jenereta. Waliiweka kwenye baraza, dirisha wazi. Gesi ile haina harufu. Iwekeni mbali, mita 6 au zaidi kutoka dirishani. Na wewe unayepika kwa jiko la mkaa ndani ya apatimenti kwa sababu "hata Tanga tulipika ndani", Tanga nyumba ina matundu, hapa umefungiwa kama kwenye chupa.

---

Mzee wa Bissonnet – 16 Julai

Hiyo si nje ya mada. Na mwenye mashine ya oksijeni au kifaa kingine cha matibabu kilichomlazimisha kununua jenereta, atunze risiti na barua ya daktari. FEMA wanaweza kuirudisha hela hiyo.

---

Wanjiku_Katy – 18 Julai

Leo kijana amekuja na pickup, namba za jimbo lingine. Anataka nusu ya pesa ndio aanze paa. Ameniambia pia hile pesa ya kwanza ya bima nisijali, "ataifuta". Inasound poa sana.

---

Mzee wa Bissonnet – 18 Julai

Mfukuze. Fundi kuahidi kukufutia kile kiasi unachojilipia kwenye bima ni kosa Texas, na ukikubali mnaudanganya mfuko wa bima pamoja. Kudai malipo kabla ya kuanza kazi ya kurekebisha baada ya janga nako kumekatazwa kwa fundi ambaye hana ofisi ya mwaka mmoja au zaidi kwenye kaunti yako au ya jirani. Huyo wa namba za jimbo lingine ndiye sheria ilimfikiria.

Mkaguzi wa FEMA ni tofauti: ana kitambulisho chenye picha, tayari anayo namba yako ya usajili yenye tarakimu tisa, hachukui hata senti na hakutajii fundi wa kumwita. Anayekuuliza wewe namba hiyo mlangoni, mfungie.

Kwa mti na matope, kabla hujamlipa mtu ulizia Crisis Cleanup. Wanapokea ombi lako na kuligawa kwa vikundi vya kujitolea: Samaritan's Purse, Team Rubicon, Texans on Mission na wengine. Ni bure, ila foleni ni ndefu, na wenye wazee na wagonjwa hutangulizwa.

---

Mwana_wa_Kivu – 27 Julai

Muzee, barua imefika. Wananiandikia sistahili, eti hawakuweza kujua mie ni nani. Na mukubwa wangu tunaeishi naye nyumba moja, yeye na bibi yake na watoto, wamemuambia ombi ni ya mara ya pili.

---

Mzee wa Bissonnet – 27 Julai

Sawa, hapa sasa ndipo uzi wenyewe ulipo. Wengine wote someni.

Tarehe yako ya kuzaliwa kwenye karatasi ni Januari mosi, sivyo? Nusu ya kambi ilizaliwa Januari mosi. Halafu majina yako matatu: kwenye kadi ya Social Security yamepangwa hivi, kwenye leseni vile, na wewe umeandika la ukoo mwanzoni kama tulivyofundishwa shule. Mashine inalinganisha, haioni mtu mmoja, inakataa. Dawa yake ni nakala ya kadi ya Social Security, pamoja na kitambulisho, I-94 (ile rekodi ya kuingia nchini) au kibali cha kazi. Andika majina kama yalivyo kwenye Social Security, hata kama yamekosewa. Kuyasahihisha ni kazi ya siku nyingine.

Kaka yako: FEMA wameona anwani moja, maombi mawili, wakadhani ni kaya moja. Kwetu ni kawaida familia mbili kukaa vyumba viwili na kugawana kodi, wao wanahitaji kuelezwa. Aandike kwa ufupi kwamba ni kaya mbili, kila moja na chakula chake na kipato chake, aambatanishe mkataba wenye majina yote mawili kama upo. Kama jina lake halimo, barua ya mwenye nyumba au ya shule ya watoto yenye anwani ile ile husaidia kuonyesha aliishi hapo.

Mna siku 60 za kukata rufaa, zinahesabiwa kutoka tarehe iliyoandikwa juu ya barua, wala si siku mliyoifungua. Kwa sheria mpya za mwaka huu si lazima tena kuandika barua ndefu ya rufaa, kuna fomu imeambatana na barua yenu, ijazeni mtume na ushahidi. Juu ya kila karatasi andikeni namba ya usajili na namba ya janga, 4798. Karatasi isiyo na namba inaelea tu huko. Mnaweza kuzipakia mtandaoni, kuzituma kwa posta au kuzipeleka kituo cha FEMA wakazipige skana mbele yenu. Mimi napendelea kituo, unaondoka na jina la uliyezungumza naye.

---

MamaPendo – 29 Julai

Mzee mimi wamenipa vitu vya ndani lakini hela ni ndogo, haitoshi hata vitanda. Nayo inakatiwa rufaa?

---

Mzee wa Bissonnet – 29 Julai

Inakatiwa. Rufaa si ya waliokataliwa tu. Peleka risiti na picha, orodhesha kila kitu. Na hela iliyoingia itumie kwa kile barua ilichosema. Iliyoandikwa ya kodi usinunulie runinga, wanaweza kuikagua na kuidai. Risiti zikae miaka mitatu.

Binti, na watoto wanalalaje? Ulisema ukungu.

---

MamaPendo – 29 Julai

Tuko kwa dada wa kanisani. Mdogo akisikia upepo analia, hataki kukaa karibu na dirisha.

---

Wanjiku_Katy – 29 Julai

Pole mama. Kuna 1-800-985-5990, ni ya watu wamepitia majanga, usiku na mchana, na wakalimani wako. Niliongea nao baada ya Harvey. Hawaulizi karatasi.

---

Mama Ntilie HTX – 2 Agosti

Mzee yangu imeandikwa nina bima, nipeleke barua ya bima. Mimi sina bima ya nyumba maisha yangu! Fomu alinijazia binti yangu kwa simu.

---

Mzee wa Bissonnet – 2 Agosti

Walimuuliza kama mna bima, akajibu ndiyo akiwaza ya gari. Unaipata hii kila siku. Piga ile namba ya 1-800, sema una bima ya gari peke yake, nyumba haina, wabadilishe kwenye faili. Waulize kama wanataka uandike na kusaini, wakitaka mistari miwili inatosha, pamoja na zile namba mbili juu. Ukishatuma rudi hapa useme wamejibu nini, kuna wengine wawili wameniandikia pembeni na barua kama yako.